Mfereji wa Kwenye Ramani ya Babu

Mutakura, Bujumbura
Tarehe 16 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Khadidja,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba maumivu ya goti yamepungua. Sisi hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Mimi nimemaliza shule. Nasubiri matokeo, na asubuhi nakaa dukani.

Baba alikuandikia kwamba shamba letu la bonde la Rusizi, lililokauka tangu kijito kibadili njia, litapata maji msimu huu. Alitegemea ile ramani ya Babu ya wakati wa Wabelgiji, iliyotundikwa dukani. Inaonyesha bonde zima: viwanja vilivyopangwa kwa safu, mistari ya miinuko, na mifereji kwa rangi ya buluu. Mmoja unapita kwa jirani yetu Pontien hadi kwetu.

Jumamosi Baba alinichukua tukaenda huko. Akaitandaza ramani juu ya boneti ya gari mbele ya kamati ya maji, akadai mfereji ufukuliwe. Pontien ana mihogo mahali hapo. Akauliza, "Mi nimezaliwa apa. Uyo mufereji ulipita wapi, mu kitanda ya mama?"

Watu walicheka. Lakini Mama Dorothée, mkuu wa kamati, alisema serikali haichori kitu bure, na mihogo ing'olewe.

Mimi nilikuwa nimeshika pembe ya ramani isipeperuke. Nikaona mstari ule ni wa vipande vipande, si mzima kama mingine. Maelezo ya alama yaliyo chini yanasema vipande ni mfereji unaokusudiwa kuchimbwa. Unajua mimi kusema mbele za watu siwezi. Nikamnong'oneza Baba. Aliinama akayasoma maelezo yale, kisha akaniambia, "Sema, nao wasikie."

"Hawakuuchimba," nikasema. "Walipanga tu."

Baba akaikunja ramani, akamwomba Pontien njia ya maji kwa adabu. Pontien hakukataa. Alisema atatoa njia akishavuna, na mihogo yenyewe bado michanga.

Kwa hiyo msimu huu hatupandi mpunga, na ule mchele ambao Baba alikuahidi kwa Ramadhani hautakuja. Yeye hajajua akuandikieje. Ukija kusikia kwamba ni mimi niliyesema, ni kweli.

Mdogo wangu Faris anakusalimu. Nisalimie wanao Dalia na Muadh. Allah akurahisishie kila ngazi unayopanda.

Wako akupendaye,
Kaltum