Ndugu Aliyeishi na Mama Gerezani

Jumanne. Mvua imenyesha hapa Sosiot tangu asubuhi na majani ya chai yamelowa, kwa hivyo leo sikuchuma mengi. Afadhali. Mikono yangu ilikuwa na hasira.

Wacha niseme ukweli hapa, kwa sababu nyumbani siwezi. Ninamwonea wivu mtoto wa miaka minne.

Kiplangat ni ndugu yangu. Mama alipofungwa kwa kumkata jirani na panga wakigombania mpaka wa shamba, alikuwa na mimba yake. Akamzaa huko ndani, na sheria ikamruhusu kukaa naye mpaka afikishe miaka minne. Wiki tatu zilizopita alifikisha, na Kogo, nyanya yetu, akaenda kumchukua.

Kila mtu anamhurumia. Maskini, amekulia jela! Majirani wanamletea maziwa, ndizi, sweta. Mimi niliachwa nikiwa na miaka kumi na tatu na hakuna aliyeniletea hata ndizi moja. Niliitwa mtoto wa mfungwa, nikajifunza kunyamaza.

Naye alikuwa na Mama kila siku. Mimi nilimwona dakika chache tu, nyuma ya waya, akiwa amempakata huyu.

Leo mchana aliniomba nimkune mgongo ndiyo alale, vile Mama hufanya. Sikumbuki Mama akinikuna mgongo. Nikamwambia, "Mama alikuwa wangu kabla yako. Jikune." Hakulia. Huyu mtoto halii, na hilo pia linaniudhi.

Jioni nikamkuta amechuchumaa kando ya tangi la maji, mikono magotini. Hufanya hivyo kila siku. Huko jela wafungwa huchuchumaa ili wahesabiwe, naye alikuwa akichuchumaa kando ya Mama. Hapa hakuna wa kumhesabu, lakini hainuki mpaka Kogo amwinue. Leo Kogo alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, basi mtoto akanitazama mimi.

"Hesabu," akasema.

Nikamwambia yuko peke yake, nitahesabu nini?

"Mama anahesabu sisi. Afande akimaliza, Mama anasema moja Chepkoech, mbili Kiplangat. Anaanza na wewe."

Kila jioni. Miaka minne.

Nikachuchumaa kwenye matope na sketi yangu safi, nikahesabu. Moja. Mbili. Akainuka, akaenda kufukuza kuku kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wivu haujaisha, nisijidanganye. Lakini mimi nina mazoezi ya miaka minne ya kukosa Mama. Yeye ana wiki tatu tu.

Kesho nitamkuna mgongo. Ila kwanza anionyeshe vile Mama hufanya, na aanze na mgongo wangu.