Unga Kifuani

Kitengela, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi tuko sawa, Phylis na watoto wanakusalimia. Natumai miguu yako imepata nafuu. Usikasirike kwamba sipigi simu. Nikiongea kidogo tu kikohozi kinanishika, na najua utaanza kulia.

Kifua bado kinapiga filimbi. Bosi wetu Nashon amenipa kusimamia mashine ya kukanda unga, kwa hivyo naingia bekari kabla ya wengine. Ile pampu ya bluu ya kuvuta dawa haitoki mfukoni. Navuta, napata nafuu, narudi kumwaga gunia lingine. Nimechoka, Mama. Hata siku ya kupumzika nalala tu.

Mwanao,
Munguti

Kajiado, 11 Machi 2024

Munguti mwanangu,

Mimi niko, miguu ni ile ile. Nimesoma barua yako nikakumbuka Krismasi. Ulikaa hapa kwangu, ukapasua kuni, ukacheka na jirani yetu Katoo mpaka jioni, na pampu hiyo sikuiona hata mara moja. Ukarudi kazini, na wiki haijaisha Phylis akaniambia umeanza tena. Nilikuwa nafikiri ni baridi ya huko. Sasa sidhani. Nenda kwa daktari umwambie hivyo hivyo. Usimfiche unafanya kazi gani.

Mama yako

Kitengela, 18 Machi 2024

Mama,

Hujambo? Nimeenda. Daktari alinipa kifaa nipulize, akauliza, "Ukiwa likizo unapumua vipi?" Nikamwambia ulivyosema. Akasema ni pumu, na inaletwa na vumbi la unga ninalovuta, si mkate ninaokula. Eti mwili wangu unaona unga kama adui, kinga yake inaamka kupigana, na vita hivyo vinavimbisha njia za hewa mpaka zinakuwa nyembamba. Pampu ya bluu inafungua njia tu, uvimbe unabaki. Amenipa nyingine ya kahawia, ya kutuliza uvimbe. Naivuta kila siku hata nikijisikia mzima, halafu nasukutua mdomo.

Lakini alisema, "Dawa haitashinda unga ukiupumua kila siku. Tafuta kazi nyingine."

Nyingine gani, Mama? Nilitoka shule nikaingia bekari. Nikigusa donge la unga najua kama liko tayari. Nitavaa barakoa. Usiniambie niache.

Munguti wako

Kajiado, 25 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za watoto? Sitakuambia uache. Lakini barakoa nimeziona kwa waashi hapa. Wakitaka kuongea wanazishusha kidevuni, na hawazipandishi tena.

Mama yako

Kajiado, 21 Mei 2024

Munguti,

Umenyamaza. Phylis hashiki simu. Kanisani wananiuliza habari zako na sina la kusema. Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie neno moja.

Mama

Kitengela, 2 Juni 2024

Mama,

Samahani sana kwa kukusumbua roho. Sikuwa nimekasirika. Siku moja kazini kulikuwa na joto, barakoa nilikuwa nimeishusha, na gunia likapasuka. Nilivuta ile ya bluu, nikavuta tena, haikunifungua. Nashon mwenyewe alinibeba kwa gari hadi hospitali, nikawekewa oksijeni. Phylis hakushika simu yako kwa sababu hakujua akuambie nini. Alifikiri nakufa. Na mimi nilifikiri hivyo.

Nimeacha bekari. Sasa niko kwa geti la shule moja hapa, nafungua, nafunga. Daktari anasema nilikaa kwa unga muda mrefu, kifua huenda kisirudi kama zamani. Ya kahawia naendelea nayo, labda maisha yote. Lakini nalala, Mama. Nalala mpaka asubuhi.

Jana nilipitia bekari, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nashon akaniona. "Ingia chai, bwana!" Nikamwonyesha kifua. Akavuka mwenyewe na mkate moto kwa karatasi. Haukuwa umeumuka vizuri. Huyo mpya wao, Okoth, ana haraka. Nilitamani sana kwenda kumwonyesha. Nikaula wote pale nimesimama, halafu nikaenda zamu yangu.

Mwanao,
Munguti