Shimo la Udongo la Lindevelde

Jumatatu, 6 Machi 1944

Mvua. Chai bila sukari. Ndege ya rubani Pargeter, Spitfire, imerudi na picha za Ubelgiji; kazi yangu ni kuzisoma, kutafuta maficho ya adui. Bunduki zake zote ziling'olewa; tumboni ina kamera, mbawani petroli. "Adui akinijia nitamwambia atabasamu," anasema.

Kati ya picha — Lindevelde! Kijiji changu. Sijakiona tangu 1914. Kanisa, mfereji, nyumba ya dada yangu Godelieve. Nyuma ya nyumba, duara. Nikaandika: shimo la udongo wa matofali, halitumiki. Nilicheza humo utotoni. Nalijua.

Jumanne, 7 Machi

Hester Quayle hukagua kazi yangu. Ana miaka ishirini na mitatu, hana huruma. Akaigeuza picha juu chini. "Mzee Claes, vivuli vikuangukie wewe! Au ndiyo kwanza umeajiriwa leo?"

Aibu. Ni somo la siku ya kwanza: vivuli vikikukimbia, kilima huonekana shimo. Shimo langu ni kilima. Nilisoma kumbukumbu, sikusoma picha.

Kilima kilichopandwa nyasi kwa mpangilio: si cha asili. Kama ni ghala la silaha, ndege za mabomu zitafuata. Hester anataka picha ya ubavuni, ndege ikipita chini. Sikumwambia nyumba ile ni ya nani.

Jumatano, 8 Machi

Mawingu. Hakuna aliyeruka.

Alhamisi, 9 Machi

Pargeter amekwenda, amerudi. Mkia una matundu mawili. "Nimepita chini, Mzee, hadi nikanusa supu yao!"

Picha ni safi kupita kiasi. Mlango wa zege, alama za malori, walinzi wawili. Uani kwa Godelieve shuka nne zimeanikwa. Mwanamke ameinua uso kuitazama ndege. Kwa kipimo hiki mtu hatambuliki — nimewafundisha wengine hivyo miaka miwili.

"Vipi, Mzee? Pikipiki ya kupeleka ripoti inasubiri," Hester anauliza.

"Ghala."

"Una hakika? Safari hii umeigeuza?"

"Nimeigeuza. Nina hakika."

Bila sahihi yangu ripoti haiendi kwa wapiga mabomu. Nimejaza: zege, ulinzi, barabara. Umbali hadi nyumba ya karibu: mita arobaini. Fomu haiulizi anakaa nani.

Hester ametoka kumwomba mwenye pikipiki dakika tano. Zimebaki mbili. Namsikia ngazini. Sahihi bado —