Mume Wangu Anazidi Kuwa Mzito

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, nimefanya jambo ambalo hata kwa padri sijalisema.

Mume wangu Flavian ni mkulima katika kijiji chetu cha ujamaa hapa Ufipa, mwaka jana hospitali walimwambia figo zake zimechoka wakampa vidonge vya kukojoza, akakojoa mpaka uvimbe ukaisha na kilo zikashuka kutoka sitini na sita hadi hamsini na saba, nikaogopa, na mganga wa kienyeji akaniambia, "Mama, huyo anayeyushwa, anachokojoa ni mumeo anakwenda," basi nikavifukia vile vidonge kwenye shamba la ulezi, nikamwambia Flavian hospitali wameishiwa.

Akaanza kunenepa, nikafurahi. Lakini unene huu si wa mtu, Mama. Hali kitu ila uji kidogo, mikono ni mifupa, na bado kwenye mizani ya ghala la mahindi anapanda tu, juzi kilo sabini, leo sabini na mbili, mpaka Zenon mtunza ghala akamzunguka kuangalia nani amekanyaga mizani pamoja naye. Nikimbonyeza mguu kidole kinaacha shimo, nakoroga uji, nikigeuka shimo bado lipo. Akijilaza, hata mchana, anashtuka, "Kalista, mtoe! Amenikalia kifuani!" Akiketi, huyo mtu anashuka. Nimeweka sikio mgongoni mwake nikasikia kitu kama kinachemka. Watu wanasema ni marehemu kaka yake, Leonsi. Nimpeleke kwa mganga, au niseme ukweli?

Kalista

Marahaba, Kalista. Sikungoja gazeti lichapwe. Siku niliyosoma barua yako nilimpelekea mwenyekiti wa kijiji chenu simu ya maandishi, naye akampakia Flavian kwenye trekta, ameketi wima, hadi hospitali. Wewe unayajua hayo. Nawaambia wasomaji, maana wenye Flavian nyumbani ni wengi.

Leonsi mwacheni apumzike. Aliyemkalia mumeo ni maji. Figo zikishindwa kuyatoa, yanajaa miguuni, moyo unayasukuma mpaka unachoka, na mtu akilala yanapanda mapafuni. Kilo mbili za siku mbili si nyama, mwanangu! Nyama ilikuwa inaisha chini ya uvimbe, nawe unashangilia. Najua ulikuwa na hofu. Lakini hofu yako nusura ikufanye mjane.

Sasa sikiliza. Chumvi na magadi viondoke kwenye chungu chake. Maji anywe kwa kipimo cha daktari. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, apimwe, uandike. Kilo zikiruka au pumzi ikibana, hospitali siku hiyohiyo. Kidonge usikipunguze wala kukiongeza kwa akili yako.

Na ukweli useme, leo, wewe mwenyewe, kabla hajausikia kwa mwingine. Akikugeuzia mgongo, kaa hapohapo. Maji yakishatoka utaona kitandani mtu mwembamba, macho yameingia ndani, usiyemfahamu. Usikimbie kwa mganga. Huyo ndiye mumeo.