Steringi Hafi

Akalla, Stockholm, 4 Machi 2007

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, ila baridi. Binamu Mashauri atakuletea DVD ya filamu yangu mpya. Nimekuwa kama wale waigizaji wa Hollywood wa filamu za zamani tulizoonyeshwa parokiani: sura unaijua, jina hulijui. Leo dereva wa teksi, kesho mlinzi, na mkono unaenda kinywani. Nitazame, unicheke.

Mwanao,
Optatus

Bukoba, 19 Machi 2007

Mwanangu, au yeyote atakayefungua barua hii,

Marahaba, kama bado unaniamkia. Uliandika "filamu yangu", nikawatangazia majirani kwamba wewe ndiye steringi. Agripina wa jirani akaleta viti. Hata chai haijapoa, ukapigwa risasi mlangoni, ukaanguka. Agripina akasema steringi hafi, kwa hiyo hapo umekufa kweli. Tukangoja uinuke. Tukarudisha nyuma, ukaanguka tena. Kiswidi hatukijui. Simu yako haipatikani. Watu wamekaa matanga uani, nawapikia ndizi huku nalia. Kama u hai, piga kwa Agripina.

Mama

Akalla, 3 Aprili 2007

Mama,

Shikamoo. Tangu tuzungumze jana, kile kilio chako cha furaha hakijanitoka masikioni. Nisamehe, nilibadili namba nikasahau kukupa. Mama, mimi si steringi. Nilikuwa bawabu wa hoteli. Watu kama mimi hufa mapema ili steringi apate sababu ya kukasirika. Nilipokwisha kufa niliinuka, nikanawa rangi, nikanywa kahawa na aliyeniua, nikapanda treni kurudi nyumbani. Kazi hii naipenda, lakini ukiniambia niache, nitaacha.

Optatus wako, mzima

Bukoba, 20 Aprili 2007

Marahaba, baba. Siku ulipopiga, goti lilisahau kuuma. Waliokaa matanga wamerudi, safari hii wanadai ndizi za furaha, na Agripina ndiye wa kwanza kushika sahani.

Tumekutazama tena. Mara ya kwanza sikuona kitu, niliona risasi tu. Sasa nimeona unavyomfungulia mgeni mlango na kuinamisha kichwa kidogo, vilevile kama marehemu baba yako alivyokuwa akipokea watu kanisani. Nimelia tena, ila hiki kilio kizuri.

Usiache kazi. Lakini ukiuawa tena, niandikie kwanza.

Mama yako,
Leokadia