Waya wa Sufuria Uliovaa Shaba

Mama,

Nimekukasirikia. Najua haifai kumkasirikia marehemu, na khale Zuhura, dadako, keshanikemea. Lakini wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wangu wa kemia, shuleni na nyumbani, ukaenda zako kabla hujanimalizia mada ya redoksi. Ungengoja hata muhula uishe! Astaghfirullah.

Aliyeshika darasa lako ni mtu mwema, ila kwake kila kitu ni oksijeni. Imeingia, ni oksidisho; imetoka, ni kinyume chake; haya, fungeni vitabu. Basi kwenye mtihani wa majaribio nikaandika kwamba asidi ikiyeyusha oksidi ya shaba, hiyo ni redoksi. Si oksijeni imetoka? Nikapigwa kosa. Kemia ikiniangusha, famasia nimeikosa, na hapa kila mtu ananiambia, "Subira, subira." Subira haijibu maswali, Mama!

Jana tulikuwa tukisafisha sinia zako za shaba kwa maji ya ukwaju, maana Maulidi yamekaribia. Weusi ukatoka, sinia zikang'aa. Nikakukumbuka unavyonifinya sikio: "Rangi hudanganya. Hesabu elektroni: mmoja akitoa, mwingine akapokea, hiyo ndiyo redoksi." Nikahesabu, kwa hasira zangu. Shaba iliyo kwenye ule weusi, yaani oksidi yake, imepungukiwa na elektroni mbili. Ikiyeyuka kwenye asidi ya ukwaju, bado imepungukiwa na mbili zile zile. Hakuna aliyetoa, hakuna aliyepokea. Oksijeni imetoka, na bado si redoksi!

Kumbe khale alisahau waya wa kusugulia sufuria ndani ya bakuli la ukwaju tulilosafishia sinia. Kuutoa, chuma chote chekundu, kimevaa shaba. Hapo chuma kimetoa elektroni, shaba imezipokea, na oksijeni haina hata habari. Hiyo ndiyo redoksi, wallahi! Nikapiga ukelele, "Mama, njoo uone!"

Khale akaja, mikono ikimchuruzika ukwaju, akautazama ule waya. "Naona, mwanangu," akasema. Hakuona kitu, maskini. Alikuwa akilia tu.

Nimechoka kuelewa vitu halafu nikakosa wa kumwambia.

Lala, Mama. Mola akupanulie kaburi na akutilie nuru. Mtihani nitaufanya, na nitapita, nakuahidi. Lakini kuacha kukuita, hilo siliahidi.

Binti yako,
Rukia