Swali Lako Kuhusu Daraja

Kwa mdogo wangu mpendwa, niliyekuita Chiriku kabla watu hawajakuzoea kwa jina lako,

Nakuletea salamu za amani, nikikuombea kwa Mwenyezi Mungu afya njema wewe, shemeji na wajukuu. Marahaba nakutangulizia, ingawa shikamoo yako sijaisikia kwa miaka kumi na saba, na kosa la kutoisikia si lako. Mimi mzima, namshukuru Mola. Goti la kushoto hunisumbua ninaposujudu, na sikio moja limeanza kuchagua la kusikia, lakini macho bado yanasoma milimita kwenye chupa bila miwani.

Huenda ukashangaa kupata mwandiko wangu ndani ya bahasha ya kambi ya wageni. Ile kazi ya kupima mvua unayoikumbuka ningali nayo. Kila siku saa tatu asubuhi hukitazama kipimo na kuandika kilichomo daftarini, kiwe kingi au sufuri. Nilipostaafu ualimu wa dini, meneja aliniongezea kazi ya kuwajibu wageni wanaouliza habari za hali ya hewa na mavazi, akanipa chumba hapa langoni mwa mbuga. Wenzangu wananiita Mzee Mvua. Kukinyesha siku ya kufua, mpishi hunijia juu akipiga kelele, “Mzee Mvua, hebu ifunge basi, mashuka yataoza!” Nami humjibu kwamba nimeajiriwa kuihesabu tu, si kuishika mkia.

Chumba kina kitanda, meza, mkeka wa kusalia na rafu ya madaftari. Nyumba ya mjini niliifunga, kwa kuwa vyumba vitatu ni vingi mno kwa mtu anayekohoa peke yake. Ninaozungumza nao zaidi ni wageni ambao sijawaona, na ambao wakishafika hupita langoni bila kujua kuwa ni mimi niliyewashauri hata soksi za kuvaa.

Jumatatu iliyopita dada wa mapokezi aliniletea fomu akicheka, akisema huyu mama anauliza maswali kama mkaguzi wa shule. Nikasoma jina lako. Nikasoma jina la baba yetu na mji ulikozaliwa. Watu wanne, siku tano, mwezi wa nne. Penye nafasi ya kuandika jamaa au mwenyeji katika eneo hili, umeandika: hakuna.

Dada wa mapokezi aliniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia ni goti. Sikulaumu, mdogo wangu. Mtu asiyejibiwa barua zake miaka yote hiyo ana haki ya kuandika hivyo.

Niruhusu nianze na maswali mepesi, kwa maana hayo nayajibu kila siku. Mwezi wa nne ni wa mvua, lakini mvua yenyewe ina adabu: huacha asubuhi ikiwa safi, hujikusanya baada ya adhuhuri, hupiga kwa saa moja au mbili, kisha huondoka. Alfajiri ni nyuzi kumi na sita hivi, nanyi mtakuwa kwenye gari la wazi, kwa hiyo kila mmoja awe na sweta. Mchana hufika ishirini na nane. Msilete miavuli, upepo huipindua na wanyama hushtuka. Leteni makoti mepesi ya mvua, na nguo zinazokauka upesi, kwa kuwa mwezi huo hata leso hukaa kambani siku mbili. Udongo wetu mweusi ukilowa hung'ang'ania viatu mpaka mtu anarefuka, kwa hiyo kila mtu jozi mbili za kufunika vidole. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwani mbung'o huzipenda, na mbung'o haumi kwa mzaha. Jioni mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na dawa ya malaria mwulizeni daktari wenu mapema. Mizigo iwe kwenye mabegi laini. Masanduku magumu hayaingii nyuma ya gari, na mgeni mmoja mwaka jana ilibidi alipakate lake siku nzima kama mtoto mchanga. Nyasi zitakuwa ndefu na simba watajificha, lakini ndege watakuwa wengi. Wajukuu wapewe darubini hata iwe moja ya kugombania.

Sasa swali lako la mwisho. Umeandika kwamba uliwahi kuambiwa kuwa mwezi wa nne mto hulichukua daraja na mji hukatika, nawe unataka kujua limetokea mara ngapi, na miaka gani. Sijui kama uliuliza kama mgeni yeyote anayeogopa kukwama, au kama ulikuwa unaniuliza mimi. Meneja alipoisoma fomu alisema nisihangaike na miaka, niandike tu kwamba hutokea kwa nadra, tusije tukamtisha mgeni. Mtu wa umri wangu hujua mlango unapofunguliwa ili apite kimya kimya. Nilikaa na neno lile, kwa nadra, siku tatu.

Jana niliyashusha madaftari yote. Kwa miaka ishirini na sita niliyopima, daraja limechukuliwa mwezi wa nne mara tano. Miaka hiyo nimekuandikia kwenye fomu, mmoja mmoja. Mwaka aliofariki mama haumo.

Mwaka ule mvua ilichelewa mpaka mwezi wa tano. Nimeutazama ukurasa wa wiki ile. Siku zote saba ni sufuri, kwa mwandiko wangu, saa tatu kila asubuhi. Daftari sikulidanganya. Nilikudanganya wewe.

Nikueleze ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Nilimwuguza mama miaka minne. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza ubavu. Na kila nilipomwinamia alitazama juu ya bega langu kuelekea mlangoni, akauliza kama Chiriku amefika. Siku ulipopiga simu kusema kwamba kesho yake unapanda ndege, niliona mara moja jinsi itakavyokuwa: utaingia, atajiinua kitandani, atacheka, nami nitarudi kuwa mtu wa kuchota maji. Nikakwambia daraja limekwenda na maji, usubiri wiki moja litengenezwe. Ulilia. Uliniomba nimpe simu. Nikakwambia amelala. Hakuwa amelala.

Nilidhani bado ana mwezi. Nilitaka hizo siku saba ziwe zangu. Nilitaka aliite jina langu mara moja tu bila ya kuanza na lako.

Nilimwambia naye uongo huohuo. Akauliza mbona haisikii mvua kwenye bati. Nikamwambia inanyesha huko juu, milimani. Tangu hapo hakukuulizia tena. Alisema tu nikupigie simu nikuzuie, usije ukajaribu kuvuka ukazama. Siku ya tatu, adhuhuri, alifariki akiwa na hofu hiyo. Ungeondoka siku uliyotaka, ungemkuta hai.

Kisha ukaniandikia barua ile ya kunishukuru. Ulisema malipo yangu yako kwa Mungu kwa kumtunza mama hadi pumzi ya mwisho, na kwamba maji ni amri Yake, hayana wa kulaumiwa. Barua hiyo sikuweza kuijibu. Wala ya pili, wala ile ya picha za wajukuu. Kila kalamu niliyoishika ilinitaka ama niseme kweli ama niendelee kudanganya, nami nikachagua kunyamaza, nikaita kunyamaza huko subira.

Nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja mwenzako haifutiki mpaka yeye mwenyewe akuachilie. Nililisema hilo nikiwa na chaki mkononi, na sauti haikutetemeka. Toba nimeleta, usiku na mchana. Kilichobaki kiko kwako, na sina hoja ya kukusihi nayo. Mama alikuwa wako pia.

Magari yote husimama langoni kuandikisha wageni, kiasi cha dakika kumi. Siku yenu nitakuwa nimeketi kibarazani pa ofisi tangu asubuhi. Ukiteremka, nitasimama. Ukiona moyo haujawa tayari, baki garini; sitasogea dirishani wala sitakuita mbele ya watu. Na mkiamua kwenda mbuga nyingine, niandikie nitakupa hali ya hewa ya huko, kwa ukweli.

Mpe shemeji mkono wangu. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Wajukuu nao wasalimie. Na kama hawajui kwamba nipo, waambie tu kuwa mzee wa langoni anawasalimu.

Nduguyo wa tumbo moja,
Kaka